Wenye malori Mtwara na Lindi, hesabuni saa na dizeli, si kilomita peke yake

Ndugu Mhariri,

Ukipita kwenye gereji za malori Mtwara Mjini, Masasi au Mnazi Mmoja pale Mingoyo, hukosi kusikia ubishi uleule: oili ya sintetiki kwenye injini ya dizeli imwagwe kila baada ya kilomita ngapi? Mmoja anasema 5,000, kwa kuwa ndivyo alivyozoea na oili ya kawaida. Mwingine ana kitabu cha lori la mtumba kutoka Ulaya kilichoandikwa 60,000, na vipo vinavyofika 100,000. Wote wawili wanatupa fedha. Wa kwanza anaimwaga chini kila mwezi, wa pili atailipa yote kwa mkupuo siku ya kuchonga krenki, mhimili mkuu wa injini.

Naomba nafasi niseme namba zangu kwanza, halafu sababu zake. Lori kubwa kama Scania, Volvo au Actros, likiwa na injini nzima, mzigo halali, safari za lami na dizeli ya kituo kinachoaminika, linaweza kukaa na sintetiki halisi kilomita 20,000 au saa 500 za injini, chochote kitakachotangulia. Lori hilohilo likiingia machimboni kuchukua makaa ya mawe, au likizunguka vijijini kukusanya korosho, ni kilomita 12,000 hadi 15,000, au saa 350. Howo isizidi 12,000 hata kwenye lami. Canter ni 10,000. Kitabu cha gari lako kikitaja namba ndogo kuliko hizi, fuata kitabu.

Atakayezibeba namba hizi bila sababu zake ataziweka kwenye lori lisilo lake, kwa hiyo nitakawia kidogo kwenye sababu.

Sintetiki ni oili ambayo mafuta yake ya msingi yametengenezwa au kusafishwa kiwandani mpaka chembe zake zikakaribia kulingana. Faida yake ni kwamba haiungui upesi inapogusa pistoni na tabo (turbo), haigandi ikawa kama lami, wala haipotei sana kwa mvuke. Ni faida kubwa kwa lori linalopanda milima ya Mbinga na tani zake mgongoni. Lakini masizi ya dizeli hayaulizi oili imetengenezwaje. Yanaingia kwenye sintetiki kama yanavyoingia kwenye oili ya kawaida, kwa kiasi kilekile. Vumbi nalo linaingia vilevile, na dizeli inayochuruzika kutoka kwenye nozeli mbovu, na asidi inayozaliwa salfa ya dizeli inapokutana na unyevu ndani ya injini. Kinachopambana na uchafu huo si mafuta ya msingi, ni dawa zilizochanganywa humo, ambazo kwa oili ya malori huwa kama asilimia 15 hadi 25 ya ujazo. Dawa zikiisha, sintetiki yako ya bei mbaya haina tofauti kubwa na ya kawaida iliyochoka.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha kweli cha kazi ya oili ni dizeli iliyochomwa. Kila lita inayoungua inaacha masizi na asidi yake. Chukua ujazo wa oili kwenye injini, zidisha kwa 250: hapo unapata lita za dizeli ambazo sintetiki nzuri inaweza kuzihudumia katika mazingira mazuri. Mazingira mabaya zidisha kwa 170. Oili ya kawaida zidisha kwa 130. Si sheria ya kiwanda, ni hesabu ya gereji, ila inamwokoa mtu na makosa makubwa. Scania yenye lita 35 za oili inapewa lita 8,750 za dizeli. Ikinywa lita 45 kwa kilomita 100, hiyo ni karibu kilomita 19,500. Howo nyingi zenye injini ya WD615 zinachukua oili lita 22 hadi 24 tu, na kiu yao ya dizeli ni ileile. Lita 22 mara 250 ni 5,500, sawa na kilomita 12,200 hivi. Ndiyo maana mwenye Howo akiiga ratiba ya jirani yake mwenye Scania anaua injini, hata kama wamenunua ndoo zinazofanana duka moja. Canter yenye lita 8 za oili inapata lita 2,000 za dizeli. Kwa lita 18 kila kilomita 100, ni kama kilomita 11,000.

Uzuri wa hesabu hii ni kwamba inahesabu hata lori lililosimama. Kilomita hazihesabu. Safari ya kwenda na kurudi Mtwara hadi Mbinga inakaribia kilomita 1,500. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 38 kwa saa ni saa 40 barabarani. Ongeza saa 10 za foleni, injini ikinguruma kwenye kupakia, mizani na bandarini, zinakuwa 50. Safari 10 ni kilomita 15,000 tu kwenye deshibodi, lakini injini imeshafanya kazi saa 500. Mwenye lori anayesubiri 20,000 amechelewa safari tatu. Msimu wa minada ya korosho hali ni hiyohiyo kwenye maghala ya Masasi, Newala na Nachingwea: lori linakaa na injini imewaka ili upepo wa breki usishuke na dereva apate kiyoyozi. Injini inayonguruma bila mzigo haipati moto wa kutosha, dizeli haiungui vizuri, nyingine inateleza ukutani mwa silinda na kuingia kwenye oili. Dereva aizime. Upepo wa breki utajaa tena kwa dakika chache.

Sasa namba za kwenye kopo, maana hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Neno sintetiki peke yake halitoshi. Tafuta herufi za API (viwango vya Marekani) na ACEA (viwango vya watengenezaji magari wa Ulaya). CI-4 ilitoka 2002, CJ-4 ikafuata 2006, CK-4 ikaanza kuuzwa Desemba 2016. Wengi hudhani ya mwisho ndiyo bora kwa kila gari. Sivyo hivyo. CJ-4 na CK-4 zilibanwa majivu yasizidi asilimia 1 ili zisizibe vichujio vya moshi vya magari mapya. Kubana majivu kunabana pia dawa ya kuua asidi, ile inayopimwa kwa namba ya TBN. Lori la Euro 3 (kiwango cha zamani cha moshi cha Ulaya) lisilo na kichujio cha moshi, ambalo siku nyingine litajazwa dizeli ya dumu huko Liwale au Tunduru, linahitaji TBN kubwa kuliko linavyohitaji upya wa herufi. Kwa lori hilo tafuta ACEA E7, ambayo TBN yake haishuki chini ya 9, au E4, isiyoshuka chini ya 12. E6 inaruhusiwa kuanzia 7 tu. Hiyo waachie wenye magari yenye vichujio vya moshi. Kopo lenye FA-4 usiliguse kabisa kwa injini hizi za zamani, ni jepesi mno.

Angalia pia idhini ya mtengenezaji: Scania huandika LDF, Volvo huandika VDS na namba yake, Mercedes-Benz 228.3 au 228.5. Kopo lililoandikwa 228.3 halikutengenezewa kukaa muda mrefu kwenye injini hata muuzaji aape.

Kuhusu uzito, ile namba yenye W inahusu baridi. 5W ni kwa mtu anayewasha lori asubuhi ya theluji. Mtwara hatuna theluji, na hata asubuhi za Juni na Julai kule Mbinga, baridi yake haijafika pa kuishinda 15W. Kwa hiyo kulipia 5W ni kulipia majira ya watu wengine. 10W-40 inatosha sana. Kinachotuhusu ni hiyo 40 ya mwisho, yaani unene wa oili ikiwa moto.

Dizeli yenyewe: viwango vya Afrika Mashariki tangu 2015 vinataka salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni, na Serikali ina utaratibu wa vinasaba, yaani alama ya kemikali, wa kubaini mafuta yaliyochakachuliwa. Ratiba ya kilomita 20,000 imejengwa juu ya dizeli ya namna hiyo. Ukijaza dumu la kando ya barabara lililochanganywa na mafuta ya taa, punguza muda wa oili kwa theluthi moja.

Vumbi ndilo adui mkubwa wa mikoa hii, kuliko hata salfa. Mchanga wetu ni mwembamba, na mchanga ni silika, ugumu wake unakata chuma. Ukishapita kwenye filta ya hewa, unasaga ringi na silinda, kisha unashuka kwenye oili kuendelea na kazi kwenye beringi. Na sehemu kubwa ya vumbi hili haipiti kwenye karatasi ya filta. Inapita kwenye hosi iliyopasuka kati ya filta na tabo, au kwenye klipu iliyolegea. Ingiza kidole ndani ya bomba baada ya filta. Ukitoa kidole chenye vumbi, usihangaike na chapa ya oili, tafuta tundu. Filta ya nje isipigwe-pigwe chini kama jamvi. Ikipulizwa kwa kompresa ya matairi yenye msukumo wa baa 7 au 8, karatasi inatoboka matundu usiyoyaona. Isizidi baa 2, na upepo utoke ndani kwenda nje. Ile filta ndogo ya ndani haisafishwi, inabadilishwa.

Nije kwenye kumwaga kwenyewe. Injini iwe ya moto, imetoka safari au imewashwa dakika 15, lori likae pa tambarare na vigingi kwenye matairi. Fungua kifuniko cha juu kwanza, ndipo boliti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Acha ichuruzike nusu saa nzima. Mafundi wengi huifunga baada ya dakika tano kwa haraka ya dereva, na lita mbili tatu za masizi zinabaki zikisubiri oili mpya. Pete ya shaba (washa) ya boliti iwe mpya. Filta zote zibadilishwe, na hapa kuna kosa la kawaida: injini za Volvo D13 zina filta mbili kuu na moja ya pembeni (bypass), na hiyo ya pembeni husahauliwa kwa sababu inafanana na wenzake. Scania zina kisafishio kinachozunguka. Kifunguliwe, uchafu uliogandamana kwenye ukuta wake ukwanguliwe kwa kisu cha mbao na karatasi yake iwe mpya. Unene wa uchafu huo ni taarifa. Ukikuta umejaa hadi karibu na katikati, ratiba yako ni ndefu mno, hata kama kilomita hazijafika.

Paka oili kwenye mpira wa filta, kaza kwa mkono mpaka ushike, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Usiijaze filta oili kupitia tundu la kati, maana huo ndio upande wa oili iliyokwisha kuchujwa, na takataka ya ndooni itakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Jaza oili kufika katikati ya alama mbili za dipstiki. Zungusha injini kwa stata bila kuiwasha mpaka taa ya oili izime, kisha iwashe na kuiacha polepole dakika tatu bila kukanyaga mafuta, kwani tabo bado ni kavu. Izime, subiri dakika 10, pima tena, ongeza taratibu. Oili ikizidi alama ya juu, krenki inaipiga ikatoa povu, na povu halibebi beringi.

Anayehama kutoka oili ya kawaida kwenda sintetiki, mzunguko wa kwanza aukate nusu. Dawa zake zitang'oa uchafu wa miaka na filta itajaa kabla ya wakati. Injini iliyokuwa kavu inaweza kuanza kuvuja kwenye sili. Sintetiki haikutoboa sili, imeondoa tope lililokuwa limeziba ufa. Na injini inayokunywa lita moja ya oili kila kilomita 500 haistahili sintetiki kabisa. Itengenezwe ringi kwanza, au ibaki na CI-4 ya kawaida kila kilomita 8,000 hadi siku yake ifike.

Weusi wa oili hauna maana yoyote kwenye dizeli. Oili nzuri hugeuka nyeusi ndani ya kilomita mia chache kwa sababu inayashika masizi na kuyabeba, ndiyo kazi yake. Kuipikicha kati ya vidole na kutoa hukumu ni kuigiza ufundi. Kama huna maabara, dondosha tone moja la oili ya moto kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, iache usiku kucha. Tone likitandaa hadi pembeni kwa rangi inayofifia taratibu, dawa bado zipo. Likibaki doa jeusi katikati lenye ukingo mkali kama wino, oili haibebi tena masizi. Pete ya njano au ya maji nje ya doa ni dalili ya dizeli. Na kuna dalili nyingine isiyohitaji hata karatasi: oili inayoongezeka kwenye dipstiki bila mtu kuongeza. Madereva huifurahia. Mara nyingi hiyo ni dizeli inaingia, na lori lisisafiri tena mpaka nozeli na oringi zake zikaguliwe.

Mwenye malori kuanzia matano namshauri apeleke sampuli maabara kupitia muuzaji wa vilainishi, kila lori mara mbili kwa mwaka. Ichukuliwe injini ikiwa moto, katikati ya mmwago. Si ile ya kwanza yenye tope. Majibu yakirudi, tazama haya: masizi yakizidi asilimia 3 ni onyo, 5 mwaga. Dizeli ndani ya oili isizidi asilimia 4. Maji yasizidi 0.2. Silikoni, ambayo ni alama ya mchanga, ikizidi sehemu 20 hadi 25 kwa milioni juu ya oili mpya, rudi kwenye hosi na filta ya hewa. Chuma kikipita 100, fuatilia kwa karibu. Unene kwa nyuzi 100 ukishuka chini ya sentistoki 12.5, hiyo si oili ya 40 tena. TBN ikifika nusu ya ilivyokuwa mpya, muda umekwisha. Majibu mawili mfululizo yakiwa mazuri, ndipo uongeze kilomita 2,500. Si 10,000 kwa pupa.

Je, inalipa? Lori la lami lisilokaa kwenye foleni, likienda kilomita 1,500 kwa wiki, linatembea kama kilomita 78,000 kwa mwaka. Kwa oili ya kawaida kila 10,000 ni mimwago 8 ya lita 35, yaani lita 280 na seti 8 za filta. Kwa sintetiki kila 20,000 ni mimwago 4, lita 140, seti 4, na siku nne zaidi barabarani. Sintetiki ikiwa bei mara mbili, oili inatoka sare na unabaki na faida ya filta na siku. Ikiwa bei mara mbili na mazingira yako yanakubana kwenye 12,000, unapata hasara. Kwa malori mengi ya korosho za vijijini, kwa maoni yangu, CI-4 nzuri ya kawaida inayomwagwa kwa wakati ndiyo biashara.

Kopo tupu litobolewe kwa msumari kabla ya kutupwa. Makopo mazima ya chapa zinazojulikana yananunuliwa kwa bei inayotia shaka, na hayanunuliwi kuwekewa maji ya kunywa.

Imebaki oili chafu. Watu huipaka kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa, na wengine huipaka hadi ndani ya maghala ambamo magunia ya korosho yataegeshwa. Gunia la katani linanyonya mafuta, na oili ya injini iliyotumika ina sumu zinazosababisha saratani. Tanuri za saruji kwingineko duniani huichoma oili hii kama nishati, na Mtwara tuna kiwanda cha saruji. Halmashauri zetu zikae na kiwanda na wauzaji wa vilainishi wapange namna ya kukusanya: lori linaloleta madramu mapya kutoka Dar es Salaam lipitie gerejini na kuondoka na yenye oili chafu. Gereji moja ya malori makubwa inajaza dramu la lita 200 kwa mimwago sita tu.

Fundi wa injini za dizeli,
Mtwara